Mwanaisha na Kishale cha Vijiji

Mwanaisha Shechambo hakuwa mtu wa kusema "nitajaribu." Ukimpelekea printa iliyokwama karatasi au kompyuta iliyogoma kuwaka, alikuwa na majibu mawili tu: "Inawezekana, njoo Alhamisi," au "Hii haiwezekani, usipoteze nauli yako." Wapo watu wa Lushoto mjini waliosema anajivuna. Lakini hao hao ndio waliopanda ngazi za chumba chake cha kazi, juu ya duka la pembejeo karibu na soko, kila mashine zao zilipowashinda.

Alikulia Malibwi, kwa baba aliyelima kabichi na peasi. Kazi yake utotoni ilikuwa kupanga peasi kwenye matenga kabla madalali hawajafika, kila tenga na ukubwa wake. Dalali alipotumbukiza mkono hadi chini kutafuta ndogo zilizofichwa, hakuzikuta, na Mwanaisha, wakati huo msichana wa shule ya msingi, alisimama pembeni mikono kiunoni akimwangalia anavyotafuta. Baadaye alisomea kompyuta Tanga. Huko alijifunza kutengeneza programu za ofisini, zile zinazokaa ndani ya kompyuta yenyewe na kufanya kazi hata intaneti ikikatika. Alipomaliza akarudi milimani. Waliomuuliza sababu aliwajibu kwamba Tanga kuna joto na mafundi wa programu wamejaa, na Lushoto kuna baridi na hayupo hata mmoja.

Kazi iliyompa jina ni ile ya Ushirika wa Wafugaji Nguzo. Ofisi yao iko kwenye barabara ya kupanda Magamba, nyumba ya matofali yenye madirisha madogo. Wanachama wao wametawanyika vijiji vingi, kila mmoja na ng'ombe wake wa maziwa mmoja au wawili bandani. Ng'ombe akiumwa, mwenye ng'ombe hupiga simu ofisini. Anayepokea ni Mama Secilia, mwanamke wa makamo, mwanakwaya wa Kilutheri mwenye sauti inayosikika mpaka barabarani. Yeye huingiza habari kwenye kompyuta, kompyuta hutoa kikaratasi, na bwana mifugo, kijana anayeitwa Idrisa, hukichukua dirishani, akawasha pikipiki na kuondoka.

Shida ya mwanzo ilikuwa majina. Mama Secilia alikuwa akiandika kijiji jinsi anavyokisikia kwenye simu. Leo Jegestali, kesho Yegestali, keshokutwa Jegestal. Kompyuta ikaona vijiji vitatu palipo na kimoja, na kila mwenyekiti Fanueli alipotaka kujua ni wapi ugonjwa wa kiwele umezidi, alipata majibu yasiyoeleweka. Ndipo akamwita Mwanaisha.

"Unaweza?" akamuuliza.

"Naweza," Mwanaisha akasema, na siku iliyofuata akaja na kompyuta yake, akavuta kiti karibu na Mama Secilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, umekuja kunifundisha nini?"

"Sikuja kukufundisha. Nimekuja kukupunguzia kuandika. Hapa kwenye kijiji nitaweka kisanduku chenye kishale. Ukibofya kishale, majina ya vijiji yanashuka, unachagua kimoja. Basi."

"Na nikitaka kuandika?"

"Hutaweza kuandika. Tukiruhusu kuandika tutarudi kwenye Yegestali."

Mama Secilia akavua miwani. "Sikiliza, mwanangu. Simu inalia. Mwenye ng'ombe analia. Ng'ombe mwenyewe analia, namsikia huko nyuma. Halafu wewe unataka nianze kushuka na kishale chako taratibu mpaka nifike Soni?"

Mwanaisha alifikiri kidogo. "Hapo umenishika," akasema.

Akaipanga upya. Mama Secilia akibonyeza herufi S, orodha iruke yenyewe hadi Soni. Akibonyeza G, ije Gare. Neno lisilokuwamo kwenye orodha likataliwe. Orodha ikifunguka ionyeshe vijiji vyote kwa pamoja, pasiwe na kilichojificha chini. Na nyuma ya kila jina Mwanaisha akaweka namba isiyoonekana. Kompyuta ilihifadhi namba hiyo, ili hata siku wakiamua kubadili tahajia ya Jegestali, kumbukumbu za nyuma zisipotee.

Kisanduku cha jina la mfugaji na kisanduku cha kijiji alivitenganisha kwa makusudi. Huku milimani mtu anaweza kuishi kijiji kimoja na ng'ombe wake akafugwa na ndugu kijiji kingine, kwa hiyo kisanduku kile kiliuliza jambo moja tu: ng'ombe yuko wapi sasa.

Programu ikafanya kazi vizuri. Idrisa aliacha kuzunguka mabonde akiuliza njia. Fanueli alipata taarifa zake kila mwisho wa mwezi, safi, akazisoma mkutanoni kwa sauti ya mtu aliyeziandika mwenyewe. Mama Secilia alizoea kishale kiasi kwamba alikuwa akiongea na simu, akimsalimia mtu mlangoni kwa Kishambaa "onga mshi," na kuchagua kijiji, yote kwa wakati mmoja. Mwanaisha alipopita ofisini aliuliza, "Kuna tatizo?" Akajibiwa hakuna, akaondoka ameinua kichwa.

Masika yalipoanza, kipanya cha zamani kikafa. Kilikuwa kibovu siku nyingi. Kile kigurudumu chake cha katikati kilikuwa kimeganda, na Mama Secilia alikuwa amejizoeza kuishi bila hicho. Fanueli akanunua kipya. Hakuna aliyemwambia Mwanaisha, na kwa kweli hapakuwa na sababu ya kumwambia. Kipanya ni kipanya.

Wiki hiyo hiyo, asubuhi ya mvua, Bi Saumu wa Gare alipiga simu. Ni mjane wa makamo, mfugaji wa ng'ombe mmoja. Ng'ombe wake alikuwa anazaa na ndama amekaa vibaya. Mguu mmoja umetoka, wa pili hauonekani. Mama Secilia alimtuliza, akachagua jina lake, akachagua kijiji, akahifadhi. Kikaratasi kikatoka. Idrisa alikikunja haraka kisilowe, akakitia mfukoni, akapiga pikipiki stati.

Akaenda Kwai.

Kikaratasi kilisema Kwai. Idrisa hakushangaa kwamba Bi Saumu wa Gare ana ng'ombe Kwai, kwa kuwa wengi wana ng'ombe wa kufugishwa. Alifika, akauliza nyumba hadi nyumba kwenye matope, hakuna anayemjua Saumu. Simu yake haikushika mtandao mpaka alipopanda tena mlimani, na hapo akakuta ujumbe wa ofisini ukimuuliza mbona hajafika Gare. Kutoka Kwai hadi Gare ni kurudi mjini kwanza kisha kushika njia nyingine kabisa. Alipofika, majirani walikuwa wamemvuta ndama kwa kamba. Ndama alikuwa amekufa. Ng'ombe alikuwa amelala, anavuja damu, na Idrisa alipambana naye bandani mpaka alasiri ndipo akawa na hakika kwamba atapona.

Kamati ya ushirika ikakaa kesho yake. Mama Secilia alisimamishwa mbele yao.

"Nilichagua Gare," alisema. "Naapa mbele ya Mungu, nilichagua Gare na nikaiona."

Fanueli alikuwa na kikaratasi mkononi. "Mama Secilia, hapa pameandikwa Kwai. Kompyuta haina sababu ya kukusingizia." Kisha akapunguza sauti. "Hakuna anayesema ulikusudia. Macho yanachoka, sote tunazeeka. Labda ni wakati wa kumpisha mtu mwingine hapo dirishani."

Mama Secilia alishika ukingo wa meza. Sauti yake iliyozoeleka kusikika mpaka barabarani haikutoka.

Mwanaisha alikuwa ameitwa kama fundi. Aliombwa aseme kama programu ina kosa, na ilikuwa wazi jibu gani linangojewa. Angesema haina, jambo lingekwisha, naye angetoka pale na jina lake salama. Na ukweli ni kwamba aliamini haina. Usiku uliopita alikuwa ameikagua kwenye mashine yake mstari kwa mstari. Kila alipochagua Gare, ilihifadhiwa Gare.

Lakini alimtazama Mama Secilia. Huyu ndiye mwanamke aliyemwambia bila kumung'unya maneno kwamba orodha yake ni ya taratibu mno. Hakuwa mtu wa kuapa ovyo.

"Sijui," Mwanaisha akasema.

Fanueli akashangaa. Wengi pale hawakuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

"Sijui bado," akarudia. "Kwangu haikosei. Kwake imekosea. Mama asiondolewe mpaka nijue tofauti ni nini. Kesho nitakaa naye ofisini, na nitawaletea jibu."

"Na usipolipata?"

"Nitalipata."

Kesho yake alifika mapema, akavuta kiti kile kile. Akamwomba Mama Secilia arudie kila kitu kama siku ile. Mama Secilia akabonyeza G, Gare ikaja, akahifadhi. Gare. Akarudia. Gare. Alikuwa akifanya polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtoto anayesomewa imla na mwalimu mkali.

"Unaona," Mama Secilia akasema, machozi yakimlengalenga. "Sasa hivi inanitii. Watasema nimezeeka kweli."

"Mama, unafanya hivi kwa sababu mimi nakuangalia. Endelea na kazi zako. Mimi sipo."

Mwanaisha akasogeza kiti nyuma, akanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kwake kuliko kuandika programu; mara kadhaa alitaka kusema bofya hapa, usibofye pale, akameza maneno. Wafugaji walikuja wakaondoka. Chai ililetwa. Aliangalia skrini mpaka macho yakamuuma, asione kitu.

Kisha simu ikalia. Alikuwa mzee wa Ubiri, ndama wake anaharisha, naye anaongea Kishambaa kwa kasi. Mama Secilia akabana simu kati ya bega na sikio, akaanza kumjibu kwa Kishambaa hicho hicho, na papo hapo akamsahau Mwanaisha kabisa. Hapo Mwanaisha akaacha kuangalia skrini. Akaangalia mkono.

Mkono ulibonyeza herufi. Ubiri ikaja. Ukashika kipanya. Fomu ilikuwa ndefu kuliko skrini ile ndogo ya ofisini, na kitufe cha kuhifadhi kilikuwa chini, hakionekani. Basi kidole cha Mama Secilia kikazungusha kigurudumu cha kipanya ili fomu ipande. Fomu haikupanda mara moja. Kikazungusha tena. Mwanaisha akainua macho kwenye kisanduku cha kijiji. Palipokuwa na Ubiri pameandikwa Vuga.

"Usiguse!" akapiga kelele, akamshika mkono.

Mzee wa Ubiri akasikika kwenye simu akiuliza kuna nini. Mama Secilia aliachia kipanya. "Nimeharibu nini?"

"Hujaharibu kitu, mama. Angalia hapa. Ulichagua nini?"

"Ubiri."

"Soma sasa."

Mama Secilia akasogeza uso karibu na skrini. "Vuga," akasema polepole. "Lakini mimi sikuchagua Vuga!"

"Hukuchagua. Ni gurudumu. Ukishachagua kijiji, kile kisanduku bado kinasikiliza. Ukizungusha gurudumu, wewe unadhani unasogeza fomu, kumbe kinahamisha chaguo lako kwenda kijiji kinachofuata, kimya kimya. Kutoka Gare ukizungusha kidogo unafika Irente, unapita Jegestali, unaangukia Kwai. Kipanya cha zamani gurudumu lake lilikuwa limekufa. Ndiyo maana haikutokea kabla."

"Na kwako?"

"Skrini yangu ni kubwa. Fomu yote inaonekana, sina sababu ya kuzungusha."

Mama Secilia alimaliza kwanza kumhudumia mzee wa Ubiri, akamchagulia kijiji chake kwa kibodi na kukisoma tena. Alipoweka simu chini, alifunika uso kwa mikono na kulia, machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mwanaisha alimwekea mkono begani. Yeye mwenyewe aliona aibu. Vijana wa Tanga aliosoma nao wangecheka wakisikia. Jambo hili la gurudumu linajulikana, fundi makini hulizima tangu mwanzo. Yeye hakulizima kwa sababu hakuwahi kulifikiria, na hakulifikiria kwa sababu hakuwahi kukaa akaangalia mtu mwingine akitumia kitu chake.

Alirekebisha siku ile ile. Aliandika mistari michache ya kuiamuru orodha isisikilize gurudumu ikiwa imefungwa. Akaibana fomu ikae yote ndani ya skrini ya ofisi, pasiwe na haja ya kushuka. Akahakikisha kisanduku kinaanza kitupu, kikiwa na maneno "Chagua kijiji," na kwamba bila kuchagua huwezi kuhifadhi. Kisha akataka kuongeza maandishi makubwa yanayotokea kabla ya kikaratasi kuchapwa: BWANA MIFUGO ANAENDA GARE. NI SAWA?

"Weka," Mama Secilia akasema. "Lakini maandishi pekee hayatoshi. Mtu akizoea atabofya ndiyo bila kusoma. Mimi nitamsomea mwenye ng'ombe kwenye simu, yeye ndiye aniambie ni sawa."

"Sawa, mama. Hiyo siwezi kuiandika kwenye programu. Hiyo ni yako."

Kamati ilipokaa tena, Mwanaisha alisimama kabla ya kuitwa. Aliwasha kompyuta mbele yao akiwa na programu ya zamani, akamwomba Fanueli mwenyewe achague Gare na kushuka chini kuhifadhi. Fanueli akachagua, akazungusha, akahifadhi, akasoma. Irente. Akakunja uso, akarudia kwa uangalifu zaidi. Jegestali.

"Kosa ni langu," Mwanaisha akasema. "Siyo la Mama Secilia, wala siyo la aliyenunua kipanya. Fomu niliitengeneza mimi, na mimi ndiye niliyeiacha na mlango wazi. Nimeshaufunga. Jaribuni hii mpya, mzungushe mpaka mchoke."

Walijaribu mmoja mmoja. Gare ikabaki Gare. Fanueli aligeuka kwa Mama Secilia, na kwa kuwa yeye ni mkubwa kwa umri na cheo, watu walingoja kuona atasema nini.

"Mama, nilikukosea juu ya macho yako," akasema. "Unisamehe."

"Nimekusamehe, mwenyekiti. Lakini miwani mipya bado nitaikubali," akajibu, na sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake. Wajumbe wakacheka.

Siku hiyo kamati iliamua pia kwamba mtamba wa kwanza atakayepatikana katika mpango wao wa kugawiana ng'ombe aende kwa Bi Saumu.

Mwanaisha hakuridhika kumpelekea habari hiyo kwa simu. Jumamosi yeye na Mama Secilia walipanda Gare. Walimkuta Bi Saumu akikata majani ya tembo kwenye ukingo wa matuta, mundu mkononi, kanga imefungwa kiunoni. Ng'ombe alikuwa bandani, mbavu zinahesabika, lakini amesimama na anakula.

Baada ya salamu Mwanaisha alimweleza yote, pamoja na ahadi ya mtamba, bila kuficha kitu nyuma ya maneno ya kompyuta. "Ulisema Gare, mama huyu akachagua Gare, na chombo changu kikaandika Kwai. Nimekuja kukuomba radhi mwenyewe."

Bi Saumu aliendelea kufunga mzigo wa majani hadi akamaliza fundo.

"Alikuwa jike," akasema. "Yule ndama. Mwenye paji jeupe."

Akaufuta mundu kwa pindo la kanga.

"Nilimlaani huyu," akaendelea, akimwonyesha Mama Secilia kwa kidevu. "Usiku ule nilimlaani kwa jina. Nilisema mwanamke yule anakaa kwenye kiti anakunywa chai, ng'ombe wangu anakufa. Kumbe nawe ulikuwa unasemwa huko. Basi Mungu atufutie sote." Akamgeukia Mwanaisha. "Na wewe, chombo hicho umekitengeneza?"

"Nimekitengeneza. Hakitarudia."

"Una hakika?"

"Kosa hili, nina hakika. Likija jingine, nitakuja tena mwenyewe."

Bi Saumu akawaambia wambebee mzigo wa majani hadi bandani, kwa kuwa wageni wawili wenye mikono mizima hawawezi kusimama tu. Waliubeba. Baadaye aliwapikia ugali wa mahindi na maharage, wakala kibarazani huku ukungu ukipanda kutoka bondeni.

Habari ilienea, kama zinavyoenea habari zote za milimani, na Mwanaisha alitegemea wateja wapungue. Waliongezeka. Fanueli ndiye aliyekuwa akisimulia kila alikokwenda kwamba ana fundi anayeweza kusimama mbele ya kamati akasema kosa ni langu, na kesho yake likawa halipo. Shule moja ikamwita, kisha duka la dawa za mifugo, kisha wakulima wa iliki na mdalasini wa Zirai, huko Usambara ya Mashariki, safari ya kushuka Mombo na kupanda tena kupitia Muheza.

Zirai alipokelewa na karani wa kikundi chao, Rubeni, ambaye alikuwa ameandaa karatasi nzima ya maelekezo: aina za viungo, madaraja, majina ya vitongoji, vyote vikiwa tayari kuwekwa kwenye vishale.

"Utamaliza lini?" Rubeni akauliza.

"Wiki mbili zinatosha. Nitaanza keshokutwa."

"Na leo na kesho?"

Mwanaisha alikuwa ameshavuta kiti, amekiweka nyuma kidogo ya kile cha Rubeni, mahali anapoweza kuona skrini na mikono kwa pamoja. Nje wakulima wawili walikuwa wanashusha magunia ya iliki mlangoni, na mmoja tayari anaita karani aje kupima.

"Leo na kesho wewe fanya kazi zako kama kawaida," akasema. "Nenda, unaitwa."